Pimbi na Neno la Siri la Shule ya Miiba Mirefu

Hapo zamani za kale, ingawa si kale sana, wanangu, maana simu za mkononi zilikwishafika na kila mnyama alitembea na yake, palikuwa na mji ambao wanyama wake waliishi kama sisi. Walikuwa na nyumba, sare za shule, vikao, na maneno mengi kuliko kazi.

Katika mji huo aliishi Mama Tunu. Alikuwa pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe asiye na mkia. Wenye elimu husema pimbi na tembo ni ukoo mmoja. Mama Tunu alilijua hilo, na Mzee Tembo alilijua pia, ila hakupenda litajwe mbele za watu.

Mapimbi wana desturi yao. Wakishuka kula majani, mmoja hali. Anapanda juu ya jiwe, anakaa, anatazama. Akiona jambo analia "Kwiiik!" na wote wanaingia mapangoni. Mama Tunu ndiye aliyekuwa mtazamaji wa ukoo, na macho yake hayakuzoea kupumzika.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Tunu, darasa la kwanza, Shule ya Miiba Mirefu. Basi kama wazazi wote, Mama Tunu aliingizwa katika kundi la simu la wazazi wa shule hiyo. Na humo, wanangu, ndimo yalimotokea mambo ninayowasimulia.

Kila alfajiri simu ililia ting! Ni Mama Faraja huyo, mwenye picha ya waridi jekundu. "Asubuhi njema wapendwa. Leo milango yote ifunguke." Wazazi wote walijibu "Amina." Mtoto wa mtu akipata kumi ya hesabu, Mama Faraja alikuwa wa kwanza kupongeza. Mtoto wa mtu akiumwa, Mama Faraja aliuliza amelazwa wapi. Kundi zima lilimpenda.

Mama Tunu peke yake hakuandika neno. Alisoma tu, kama alivyokuwa akitazama kutoka juu ya jiwe. Siku moja akauliza, kwa adabu, "Samahani Mama Faraja, Faraja yuko darasa la ngapi?"

Kisha Mama Siwema, ambaye alikuwa kiboko, mwanamke wa maneno na mapambo, akajibu kwa sauti ya kurekodi: "Jamani, wengine wana roho ya kwanini. Mwenzenu anatuombea kila siku, mnamhoji kama askari!"

Mama Faraja akaweka uso unaolia machozi. Jibu halikutoka, na hakuna aliyeliuliza tena.

Sasa, wazee wa mji ule walikuwa wamesikia kwamba mitandaoni kuna hatari kwa watoto. Wakaunda Kamati ya Usalama. Mzee Tembo akawa mwenyekiti kwa sababu ya mwili. Bwana Faru akawa katibu kwa sababu ya pembe. Mama Siwema akawa msemaji, na hapo hapakuhitajika sababu.

Kamati ilifanya kazi, msiseme haikufanya. Ilizungushia shule ua wa miiba mara tatu. Ilinyang'anya watoto vishikwambi na kuvifungia kabatini, na kutangaza kwamba mtoto atakayekutwa akiongea na mgeni mtandaoni atachapwa kwanza, aulizwe baadaye. Ilimwajiri Nyati awe mlinzi wa lango. Lango lenyewe lilikuwa la chuma, na dirisha lake dogo la kuongelea lilitobolewa kwa kimo cha Mzee Tembo, kwa heshima yake.

Mwisho Mzee Tembo akabuni maswali matatu. Anayekuja kuchukua mtoto aseme neno la siri la wiki, aseme jina kamili la mtoto na darasa lake, kisha aseme jina ambalo mtoto huitwa nyumbani. "Mgeni atalijulia wapi?" alisema Mzee Tembo, na kamati ikapiga makofi.

Jumatatu ya kwanza neno la siri lilikuwa "boga la mchana." Saa nane Mzee Tembo akaja kumchukua binti yake Zumaridi.

"Neno la siri," akasema Nyati.

Mzee Tembo akakohoa. "Ni... tikiti?"

"Siyo."

"Muhogo?"

"Siyo, mzee. Rudi nyumbani ukakumbuke."

Alisimama juani hadi saa kumi. Kesho yake ujumbe ukaingia kundini kwa amri ya mwenyekiti: ili kuepusha usumbufu kwa wazazi, neno la siri litabandikwa kila Jumatatu juu kabisa ya kundi, kwa herufi kubwa.

"Amina," akaandika Mama Faraja. "Hekima hiyo."

Kuhusu majina ya nyumbani, hapakuwa na taabu. Mzee Tembo mwenyewe aliweka kundini picha ya Zumaridi ya siku ya kuzaliwa, amevaa sare, nembo ya shule kifuani, na maneno haya: "Kibonge wangu leo ametimiza miaka saba." Bwana Faru alimwita mwanawe Jabali "Simba wa Baba" mbele ya watu mia mbili, na hakuna simba aliyelalamika. Mama Siwema alimwita wake "Mwali wa Mama" na kurekodi kila kitu: Siwema akila, Siwema akioga matopeni, Siwema akilia kwa kukataa kurekodiwa.

Hayo yote Mama Tunu aliyatazama akinyamaza. Ni ya watu, alijiambia. Kisha siku ya Jumatano yakafika kwake.

Mama Siwema aliweka video ya darasa la kwanza likiimba. Mbele kabisa, mdogo kuliko wote, alisimama Tunu, akiimba hadi masikio yanacheza. Chini yake Mama Faraja akaandika: "Haka kadogo ka mbele katamu jamani! Kanarudi nyumbani na nani?"

Na Mama Siwema, kwa roho safi kabisa, akajibu: "Ni ka Mama Tunu. Kanashuka kenyewe njia ya nyuma ya shule hadi mwambani, saa nane na robo hivi."

Mama Tunu aliogopa, wanangu, aliogopa hasa. Akampigia simu Mama Siwema palepale. "Shoga yangu, nakuomba uiondoe ile video."

"Niiondoe? Imepata vidole gumba mia moja na tisini!"

"Mwanangu yumo."

"Ndiyo maana imependwa. Wewe mwenzangu kwani hupendi mwanao apendwe?"

Alhamisi akaenda mbele ya kamati. Alisimama juu ya kiti ili aonekane. "Wakubwa zangu, huyo Mama Faraja hatumjui. Hakuna aliyewahi kumwona, wala yeye wala huyo Faraja. Ameuliza habari za mwanangu, na akajibiwa."

Mzee Tembo alitabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto wa jirani. "Mama Tunu, wewe una mtoto mmoja. Sisi tunalinda shule nzima. Kesho saa nane kamati yote tuko uwanjani, tunazindua bango la usalama. Njoo ulione, litakutoa wasiwasi."

Alimwonyesha mchoro wake. Bango lilikuwa na maandishi TUWALINDE WATOTO WETU, na chini yake picha za watoto thelathini wakicheka, kila mmoja na jina lake na darasa lake.

"Na watoto wenu kesho mtawaacha na nani?" akauliza Mama Tunu.

"Watatusubiri shuleni," akasema Bwana Faru. "Tayari tumeshaandika kundini ili kila mtu ajue."

Mama Tunu akashuka kitini. Alirudi nyumbani akachukua simu, akalitazama kundi. Juu kabisa neno la siri la wiki: KUKU HATAGI MSIKITINI. Chini yake tangazo la kamati. Chini ya tangazo, Mama Faraja: "Wapendwa, kesho watoto wanatoka saa nane kamili, siyo?" Majibu yalikuwa kumi na saba, na yote yalisema ndiyo.

Basi akakaa juu ya jiwe lake akafikiri. Angemchukua Tunu peke yake, angekuwa amemwokoa wake tu. Lakini wale watatu wa kamati nao walikuwa watoto, na watoto hawakuchagua wazazi wao. Akaamua atawachukua wote.

Ijumaa, saa nane kasorobo, Mama Tunu alisimama chini ya lango la chuma. Akagonga. Ko ko ko!

Nyati akachungulia dirishani, juu kule. Akaona mlima na mawingu. Hakutazama chini kwa sababu kanuni haikusema atazame chini.

"Nani?"

"Nimekuja kuwachukua watoto watatu wa kamati," ikasema sauti. "Wazazi wao wako uwanjani."

Nyati akavaa miwani akafungua daftari la kanuni. "Neno la siri."

"Kuku hatagi msikitini."

"Majina na madarasa."

"Zumaridi Tembo, darasa la pili. Siwema Kiboko, la pili. Jabali Faru, la tatu."

"Majina ya nyumbani."

"Kibonge. Mwali wa Mama. Simba wa Baba."

Nyati akafunga daftari kwa heshima. "Maswali yote umejibu vizuri kuliko wazazi wenyewe." Akavuta komeo. Krrrr!

Watoto wakatoka. "Kibonge, mwanangu, hujambo?" akasema Mama Tunu, na Zumaridi, aliyekuwa mkubwa mara kumi kuliko yeye, akamfuata bila swali. Aliyemwita Kibonge si atakuwa wa nyumbani? Siwema na Jabali nao vilevile, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Ikabaki Tunu. Mama Tunu akalitaja jina na darasa la mwanawe, na jina la nyumbani, ambalo mimi sitawaambieni. Nyati akamwita. Lakini Tunu alisimama ndani ya lango, akashika nguzo, hakutoka.

"Toka, mtoto. Majibu ni sahihi," akasema Nyati.

"Sijasikia bado," akajibu Tunu.

Ndipo Mama Tunu akatoa mlio kooni, mfupi, wa kwao wawili, ambao haukuwahi kurekodiwa wala kuandikwa popote. Tunu akaachia nguzo akakimbia kwa mama yake.

Wakaondoka hivyo, wadogo wawili mbele, wakubwa watatu nyuma. Ungeona, ungedhani ndimu zinaongoza mafenesi. Hawakwenda mbali. Walipanda mwamba uliokuwa mkabala na lango, wakajificha nyuma ya jiwe, na Mama Tunu akawagawia karanga za kuchemsha.

"Tunasubiri nini?" akauliza Jabali.

"Tunamsubiri rafiki wa wazazi wenu. Kaeni kimya, mtazame."

Saa nane kamili, njia ya sokoni, alitokea mama mmoja. Gauni la maua, kitambaa cha maua kichwani, mkoba mkubwa mno, na miguu ya nyuma mifupi kuliko ya mbele. Alitembea akitazama pande zote. Akagonga lango.

"Kuku hatagi msikitini," akasema kabla hajaulizwa. "Mimi Mama Faraja. Nimekuja kumchukua Tunu Pimbi, darasa la kwanza."

"Jina la nyumbani?" akauliza Nyati.

Mama Faraja akasita. Alipekua simu yake, akapekua tena. "Hilo... hawajaliweka," akasema. "Basi nipe Zumaridi, darasa la pili. Kibonge."

"Ameshachukuliwa."

"Siwema. Mwali wa Mama."

"Ameshachukuliwa."

"Jabali! Simba wa Baba!"

"Ameshachukuliwa," akasema Nyati, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akaingiwa na wazo. "Mama, kwani wewe una watoto wangapi?"

Kule mwambani Zumaridi alikuwa ameacha kutafuna. "Mama Tunu," akanong'ona, "yule namjua. Sauti ile. Anaongea nami kwenye mchezo wa kuvuna matunda, kwenye kishikwambi cha dada. Aliniambia ataniletea baiskeli nyekundu Ijumaa."

Mama Tunu akamgeukia taratibu. "Na hukumwambia baba?"

"Aliniambia ni siri yetu." Zumaridi akainamisha masikio yake makubwa. "Na baba amesema atakayeongea na mgeni atachapwa kwanza. Mimi nilikuwa nimeshaongea."

Maneno hayo yalimuuma Mama Tunu kuliko yote aliyoyasoma kundini. Akamshika Zumaridi ncha ya mkonga. "Hujakosa kitu. Aliyekosa ni yule pale. Umeniambia, basi, na hakuna atakayekugusa."

Langoni, Nyati alikuwa ameshapiga simu. "Mzee Tembo? Kuna mama anamtaka Zumaridi, lakini Zumaridi ameshachukuliwa."

Uwanjani, Mzee Tembo alikuwa ndio anavuta kamba ya bango. "Amechukuliwa na nani?"

"Na aliyejua neno la siri."

"Nani huyo?"

"Kanuni haikusema niandike jina, mzee."

Du! Du! Du! Ardhi ikatetemeka. Kamati nzima ilikuja mbio, vumbi juu, bango limemnasa Bwana Faru kwenye pembe, Mama Siwema akikimbia huku anaandika. Mama Faraja aliliona lile vumbi. Akageuka, kitambaa kikadondoka, yakatokeza masikio ya mviringo na madoa shingoni.

"Fisi!" akaunguruma Nyati. Sasa aliona.

Fisi alikimbia kama hajawahi kuvaa gauni. Mama Tunu akasimama wima juu ya mwamba akalia "Kwiiiik!" hata mji mzima ukasikia, na wanyama wakatoka majumbani na mawe na fimbo. Walimfukuza hadi ng'ambo ya mto, na hajarudi kwa miguu. Mkoba wake ulibaki langoni.

Wakubwa walipofika, hawakuuangalia mkoba. Walikuwa wakilia. Mzee Tembo alikaa chini mavumbini, mkonga umelegea, akisema "binti yangu, binti yangu," na uenyekiti wote ulikuwa umemtoka.

Ndani ya mkoba kitu kikalia. Ting!

Bwana Faru akauinua kwa pembe, simu ikaanguka, wazi. Ujumbe mpya ulikuwa umeingia, ulitoka kwa Mama Siwema, ambaye alisimama hatua mbili tu kutoka hapo: "Mwanangu haonekani! Amevaa sketi ya kijani, anaogopa nyuki, akipewa tikiti anamfuata mtu yeyote!"

Bwana Faru akatelezesha skrini, ikatokea orodha ya watoto, kila mmoja na ukurasa wake. Akasoma kwa sauti, na kila neno likamtoka kwa taabu zaidi. "Zumaridi. Huitwa Kibonge. Hupenda ndizi za kuchoma. Baba yake hayupo Ijumaa. Imetoka kwa: Baba Zumaridi. Jabali. Simba wa Baba. Hulala chumba cha dirisha la bluu. Imetoka kwa..." Ilitoka kwake.

Ukurasa wa Tunu ulikuwa na mstari mmoja tu, wa njia ya nyuma na saa nane na robo. Ulitoka kwa Mama Siwema.

"Wako hapa," ikasema sauti kutoka juu.

Wakatazama. Watoto wanne walikuwa wamekaa mwambani na maganda ya karanga miguuni. Mama Tunu akawashusha mmoja mmoja.

Mnadhani alishukuriwa? Bwana Faru alishusha pembe. "Wewe! Umeiba watoto wetu!"

"Sikuiba, Baba Jabali. Nilipewa langoni, kwa kanuni zenu. Neno la siri nililikuta juu kabisa ya kundi, na mengine mlinipa nyinyi wenyewe. Fisi naye mlimpa hayo hayo. Mimi nilimtangulia robo saa."

Mama Tunu akamsogelea Mzee Tembo, akasema polepole ili wengine wasisikie, "Binti yako ana neno la kukuambia leo nyumbani. Alikuwa akiogopa fimbo yako kuliko alivyomwogopa Fisi. Msikilize hadi mwisho, ndugu yangu."

Na Mzee Tembo, ambaye hakupenda ukoo ule utajwe, akasema, "Nitamsikiliza, ndugu yangu."

Mama Siwema alikuwa amemkumbatia mwanawe, analia machozi ya kweli. Kisha, kwa mazoea tu, mkono wake ukapanda juu na simu, ukawaweka sawa wote wawili, kidole kikatafuta pa kubonyeza.

Siwema akanyoosha mkono wake mnene, akaifunika kamera.

"Mama," akasema, "leo nikumbatie kwa mikono miwili."

Mama Siwema akaitazama simu. Akaitia mfukoni. Akamkumbatia.

Kundi la wazazi siku hiyo lilikaa kimya kabisa, na alfajiri yake hapakuwa na waridi wala Amina. Hadithi yangu nimeifikisha mwambani, na maganda ya karanga mtafagia wenyewe.

Fundisho lake ni hili, wanangu, nanyi mkawaambie wakubwa zenu: anayetaka kumlinda mtoto mtandaoni aanze na kidole chake mwenyewe.